Nani Apange Laini?

Kila kiwanda kipya kinachofunguliwa Masoro, katika Eneo Maalumu la Kiuchumi la Kigali, kinaanzia kwenye karatasi. Mashine hii hapa, ile pale, vitambaa viingilie mlango ule, meza ya kupiga pasi iwe mwishoni. Mchoro ukishapitishwa, nyaya za umeme zinavutwa, mashine zinafungwa, na watu mia kadhaa wanakaa walipopangiwa, pengine kwa miaka. Nani ana haki ya kuuchora mchoro huo, na atumie ushahidi gani? Wahandisi wanaotoka vyuoni siku hizi wana jibu: laini ijengwe kwanza ndani ya kompyuta, iendeshwe humo kwa miezi ya kuigiza, kisha michoro inayoshindana ipimwe kwa vigezo vingi kwa pamoja. Wasimamizi waliokulia sakafuni wanalitilia shaka jibu hilo, na wahasibu wanauliza bei.

Nimewakalisha watatu mezani. Hawana majina kwa sababu kila mmoja anasema yanayosemwa na wengi wa nafasi yake. Mfano wao ni laini ya mashati, kwa kuwa kushona ni kazi ya mikono mingi, na mikono haiendi sawasawa.

MHANDISI: Nianze na hesabu ndogo, mama. Washonaji wawili wanafuatana. Wa kwanza anashona kola, wa pili anaiunga kwenye shati. Kila mmoja wastani wake ni dakika moja. Kwa saa moja watatoa mashati mangapi?

MSIMAMIZI: Anayeandika targeti ukutani atasema sitini.

MHANDISI: Na hayafiki. Muda wa mtu unayumba. Mara nyingi anamaliza kwa sekunde chache, mara mojamoja anachukua dakika tatu au nne kwa sababu sindano imekatika au bobini imeisha uzi. Ukiwa na myumbo mkubwa wa namna hiyo, na pasiwe na nafasi ya kuweka kazi kati yao, wawili hao watatoa mashati 40. Ongeza wa tatu mwenye wastani uleule, yanashuka hadi 34. Hapo hakuna mvivu. Mmoja akichelewa, jirani yake anakaa bure, na dakika hiyo hairudi.

MSIMAMIZI: Mwanangu, hilo nalijua bila kompyuta. Ndiyo maana tunafunga bando na kuziweka kando ya kila mashine, ili mtu asikose kazi.

MHANDISI: Na bando zinasaidia. Kwa wale wawili, nafasi ya mashati mawili katikati inawapeleka hadi 48 kwa saa. Nafasi ya mashati manne inawapeleka 51. Angalia: nafasi mbili za kwanza zimeleta mashati manane, mbili zilizofuata zimeleta matatu. Bado hamjaamua mahali pa kuacha kuongeza.

MSIMAMIZI: Tunaongeza mpaka laini isisimame.

MHANDISI: Na shati linakaa humo siku nzima. John Little alithibitisha mwaka 1961 kanuni ambayo mtu yeyote anaweza kuitumia: idadi ya vitu vilivyomo kwenye mfumo ni sawa na kasi ya kutoka mara muda wa kukaa. Ukiwa na mashati 600 yametapakaa kwenye laini, na yanatoka 60 kwa saa, kila shati linachukua saa kumi tangu kuingia hadi kutoka. Mshonaji wa kola akikosea asubuhi, mkaguzi wa mwisho anayaona makosa kesho yake, na katikati kuna mamia ya kola mbovu.

Hapa Msimamizi alinyamaza, na ninaelewa kwa nini. Kila aliyewahi kusimamia laini ya nguo ameona rundo la mashati likifumuliwa kola kwa wembe, uzi baada ya uzi, na watu waliotakiwa kurudi nyumbani saa kumi na moja wakiwa bado mezani usiku.

Hesabu za washonaji wawili au watatu zinafanyika kwa kalamu. Laini halisi ina stesheni thelathini au arobaini, mashine za aina mbalimbali, fundi mmoja anayekimbizwa huku na huku, umeme unaokatika, mtu asiyekuja kazini kwa sababu mtoto anaumwa. Kwa mchanganyiko huo hakuna kanuni ya kalamu inayotosha, na ndipo uigaji ulipozaliwa. Geoffrey Gordon alitoa programu ya GPSS akiwa IBM mwaka 1961, na miaka hiyohiyo ya 1960 Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard wakabuni lugha ya Simula huko Norwei. Wazo ni jepesi: kompyuta inachezesha bahati nasibu kwa kila tukio, lini sindano inakatika, lini bando linafika, na inahesabu saa hadi saa yale yanayotokea. Kuendesha mara moja hakutoshi, maana siku moja inaweza kuwa ya bahati. Unaendesha mara nyingi, unatupa saa za mwanzo ambapo laini ilikuwa bado tupu, na unaangalia wastani pamoja na upana wa kuyumba kwake.

MHASIBU: Na leseni za programu hizo? Nimeona bei za kampuni kubwa. Kwa kiwanda cha mashine 120 ni mzigo.

MHANDISI: Mzee, kuna SimPy, inaendeshwa kwa Python na haina gharama ya leseni. Kijana aliyesoma uhandisi hapa Nyarugenge, pale kilipokuwa chuo cha KIST kabla ya kuunganishwa katika Chuo Kikuu cha Rwanda mwaka 2013, anaweza kuitumia. Gharama iko kwingine, kwenye kukusanya takwimu.

MSIMAMIZI: Hapo ndipo ninapotaka kusema. Unakuja na saa ya kupimia, unasimama nyuma ya binti, unahesabu sekunde. Unadhani anashona kama anavyoshona siku zote? Wiki ya kwanza anapunguza spidi, kwa sababu anajua sekunde zako ndizo zitakazokuwa targeti yake. Mwingine anaogopa kufukuzwa, anakimbiza mashine kama amefukuzwa na nyuki. Vyote viwili unaviandika, unaviingiza kwenye kompyuta, halafu unatuletea jibu lenye nukta mbili za desimali.

MHANDISI: Ndiyo maana Tippett, mwanatakwimu Mwingereza wa viwanda vya pamba, alibuni njia nyingine miaka ya 1930. Humpimi mtu. Unapita sakafuni kwa nyakati za kubahatisha na kuandika jambo moja tu: mashine hii sasa hivi inashona au imesimama, na imesimama kwa nini. Ukipita mara mia kadhaa unapata picha ya kweli, na hakuna aliyesimamiwa mgongoni.

MSIMAMIZI: Na nani anapita?

MHANDISI: Mwanafunzi wa mazoezi, au mimi.

MSIMAMIZI: Hapana. Wapite washonaji wenyewe, kwa zamu. Wao wanajua mashine iliyosimama inasubiri fundi na iliyosimama inasubiri uzi. Wewe utaandika «imesimama».

Kwa maoni yangu hili ndilo lenye thamani kuliko yote yaliyosemwa mpaka hapo, na vitabu vya fani vinalipita haraka mno. Modeli hutegemea sababu za kusimama. Ukikosea sababu, kompyuta itakushauri ununue mashine ya overloki ya pili wakati kilichokuwa kinakwamisha laini ni fundi mmoja kuhudumia mashine 60. Ipo pia njia ya kuikamata modeli ikidanganya: chukua wiki moja iliyopita, ficha matokeo yake, iachie modeli ibashiri, kisha fungua daftari. Isipokaribiana na daftari, hakuna kuchora chochote.

Mjadala ulipamba moto walipofika kwenye kuchagua. Mhandisi alileta michoro miwili. Wa kwanza ni mstari mrefu, kila mtu na hatua moja ya shati. Wa pili ni vikundi vya watu sita hadi wanane, kila mmoja anamudu hatua tatu au nne, na kikundi kinatoa shati zima. Aliipa alama kwa kumi katika vigezo vitatu: wingi wa mashati, wepesi wa kubadili bidhaa, na hali ya mfanyakazi. Mstari mrefu ulipata 9, 4 na 5. Vikundi vilipata 6, 9 na 8.

MHASIBU: Wingi ndio unaolipa mishahara. Upe asilimia 70, na hivyo viwili vingine 15 kila kimoja.

MHANDISI: Mstari mrefu unapata 7.65, vikundi 6.75. Mstari umeshinda.

MSIMAMIZI: Upe wingi 40, na viwili vingine 30 kila kimoja.

MHANDISI: Mstari 6.3, vikundi 7.5. Vikundi vimeshinda.

MSIMAMIZI: Umeona? Mashine yako inasema anachotaka aliyeishika. Kila bosi atapata jibu alilokuja nalo, tena sasa lina chati.

MHANDISI: Mama, kabla ya chati hiyo bosi alikuwa anapata jibu lake vilevile, ila hakulazimika kutaja uzito wowote. Sasa ameutaja. Na Thomas Saaty, aliyeunda njia yake ya kulinganisha vigezo viwiliviwili katika miaka ya 1970, aliweka mtego. Unaulizwa: wingi ni muhimu mara ngapi kuliko wepesi? Mara mbili. Wepesi mara ngapi kuliko hali ya mfanyakazi? Mara tatu. Basi wingi unapaswa kuwa mara sita ya hali ya mfanyakazi. Ukijibu mara mbili, umejipinga mwenyewe, na hesabu inaonyesha kiasi gani. Kipimo chake cha mgongano kikizidi 0.10, unarudi kujibu upya.

MSIMAMIZI: Hicho nakipenda. Kuna mabosi ningependa kuwauliza hivyo.

Saaty naye ana wapinzani wake, na ni haki msomaji awajue. Mwaka 1983 watafiti Belton na Gear walionyesha kwamba ukiongeza chaguo jipya kwenye orodha, katika njia yake ya awali, machaguo mawili ya zamani yanaweza kubadilishana nafasi, ingawa hakuna kilichobadilika kati yake. Wengine hutumia njia ya TOPSIS ya Hwang na Yoon, ya mwaka 1981, inayopima kila mchoro uko umbali gani na ubora kamili na umbali gani na ubovu kamili. Sishangai kuona njia mbili zikitoa mshindi tofauti kwa takwimu zilezile, na mwekezaji anayeletewa ripoti yenye njia moja tu anapaswa kudai ya pili.

Kigali si mji wa kuelezwa kwamba mambo mengi yanaweza kupimwa kwa pamoja. Tangu 2006 mameya wa wilaya wamekuwa wakisaini imihigo, yaani mikataba ya utendaji, mbele ya rais, viashiria vikihesabiwa na wilaya zikipangwa kwa alama. Watu hapa wanajua jinsi kiashiria kilichoandikwa kinavyobeba bajeti na jinsi kisichoandikwa kinavyosahaulika. Kwa hiyo nilitarajia Msimamizi adai uzito mkubwa kwa hali ya mfanyakazi. Alidai kitu kingine.

MSIMAMIZI: Hiyo 9 ya mstari mrefu umeipataje?

MHANDISI: Kutoka kwenye uigaji. Oda moja ya mashati 20,000 ya aina moja.

MSIMAMIZI: Nani hapa Kigali ana oda ya mashati 20,000 mwaka hadi mwaka?

MHASIBU: Tunayo. Mkataba wa miaka miwili, soko la nje.

MSIMAMIZI: Mzee, mwaka 2018 ulikuwa wapi?

Anachokikumbuka kinajulikana. Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa nguo za mitumba kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, ili viwanda vya ndani vipumue. Marekani ikakasirika, na mwisho wa Julai 2018 ikasimamisha nafuu ya ushuru ya AGOA kwa mavazi ya Rwanda. Kiwanda kilichopanga laini ndefu kwa mnunuzi mmoja wa ng'ambo kilijikuta na mstari uleule, mashine zilezile, na hesabu nyingine kabisa. Februari 2019 mpaka wa Gatuna, kati ya Rwanda na Uganda, ukafungwa, na haukufunguliwa rasmi tena hadi tarehe 31 Januari 2022. Malori ya Mombasa yakazungushwa hadi mpaka mwingine wa Kagitumba, na aliyezoea kupokea vifaa siku fulani akaanza kuvipokea siku nyingine. Kisha 2020 ikaja korona, viwanda vya nguo vya Kigali vikaruhusiwa kushona barakoa, na laini zilizokuwa za mashati na sare zikatakiwa kutoa kipande cha kitambaa chenye kamba mbili, kwa maelfu, haraka.

AGOA, mpaka na korona, yote matatu yalianza ndani ya miaka miwili. Kwa mchoraji wa laini hapa, misukosuko hiyo ni sehemu ya hali ya kawaida ya kazi, na uigaji usioibeba umeiga kiwanda cha mahali pengine.

MHANDISI: Basi tuingize. Badala ya oda moja ya 20,000, niweke oda za mashati 300, sare za shule, makoti ya hoteli, aproni, na nisimamishe vitambaa wiki moja kila baada ya miezi kadhaa. Nimeendesha. Mstari mrefu kila ukibadili bidhaa unakaa nusu siku haujatulia, watu wa mwisho wanasubiri watu wa mwanzo. Wingi wake unashuka kutoka 9 hadi 6. Vikundi vinashuka kidogo, kutoka 6 hadi 5.5.

MHASIBU: Na uzito wangu wa 70?

MHANDISI: Haukuokoi tena. Kwa alama za mwanzo mstari mrefu ulikuwa unashinda mara tu wingi unapopita takriban asilimia 57. Kwa alama hizi, mpaka uupe wingi kama 89. Ubishi wenu wa asilimia umekuwa mdogo. Uliobaki ni huu: mnatarajia oda za aina gani?

Hapo ndipo ninapoiona faida ya zana hizi, na sioni nyingine iliyo kubwa kuliko hiyo. Watu wawili waliokuwa wanabishana kama kiwanda ni cha faida au cha watu wamegundua kwamba wanatofautiana juu ya oda za mwaka wa tatu. Hilo linaweza kuchunguzwa. Unaweza kwenda kuuliza wanunuzi, shule, hoteli, wafanyabiashara wa Goma.

Mhandisi alitaka kuongeza mifano ya Kigali kwenyewe, na miwili inafaa. Volkswagen ilipofungua kiwanda chake cha kuunganisha magari hapa Juni 2018, uwezo uliotangazwa ulikuwa magari 5,000 kwa mwaka, nchi ikiwa na soko dogo la magari mapya. Mahali pa namna hiyo laini inayoweza kupokea modeli tofauti bila kubomolewa ni ya lazima. BioNTech nao, kwa chanjo za mRNA, walikwenda mbali zaidi: vyumba vya uzalishaji vilitengenezwa Ulaya ndani ya makontena, na ya kwanza yakawasili Kigali Machi 2023. Sehemu kubwa ya laini ilipangwa na kuungwa kabla ya kugusa ardhi ya Rwanda.

MSIMAMIZI: Kontena linakuja na bomba zake. Halitaji mtu atakayeshika vali usiku wa manane. Na wewe unaishia kwenye ukuta wa kiwanda, mwanangu. Unakumbuka Kinazi?

Kiwanda cha unga wa mihogo cha Kinazi, wilayani Ruhango, kilizinduliwa 2012 kikiwa na uwezo wa kusindika tani 120 za mihogo mibichi kwa siku. Mashine hazikuwa tatizo. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia ulipoyapiga mashamba, mihogo ilikosekana, na kiwanda kikafanya kazi chini sana ya uwezo wake. Uigaji mzuri wa ndani ya ukuta ungesema kila kitu kiko sawa. Shamba nalo ni stesheni ya kwanza ya laini, na linapaswa kuyumba ndani ya modeli kama sindano inavyoyumba.

MHASIBU: Mkitaka niingize mashamba, mipaka na ubalozi wa Marekani, ripoti haitakwisha na benki haitasubiri.

MHANDISI: Tuingize matatu yaliyowahi kutokea, mzee. Mnunuzi mkubwa anaondoka. Malighafi inachelewa wiki. Tunaombwa kushona kitu ambacho hatujawahi kushona. Mchoro utakaovuka hayo matatu bila kufunga mlango ndio tuujadili.

MHASIBU: Na ule unaotoa mashati mengi zaidi kama hakuna baya lolote litakalotokea?

MHANDISI: Uandikwe kando yake, na pengo lake kwa faranga, ili tuone tunalipa kiasi gani kwa usalama.

MSIMAMIZI: Na kigezo cha hali ya mfanyakazi umekipimaje? Hiyo 5 na hiyo 8 zimetoka kichwani mwako. Kompyuta haikuzitoa.

MHANDISI: Kweli. Nimezikadiria.

MSIMAMIZI: Kwenye mstari mrefu mtu anashona matundu ya vifungo saa nane, shingo imeinama upande mmoja. Kwenye kikundi anainuka, anabadili mashine, lakini mwenziwe mzito wa mikono anawachelewesha wote, na bonasi ikiwa ya kikundi watamchukia kabla ya mwezi kuisha. Hujaweka hilo. Mimi hiyo 8 yako ningeipunguza mbili, niipe 6. Waulize wao, kila mmoja kwa siri, na uweke namba watakazosema hata kama zitaharibu chati yako.

MHANDISI: Nikiweka 6, vikundi bado vinashinda kwa oda ndogo, lakini kwa oda kubwa mstari unashinda mapema zaidi.

MHASIBU: Basi nina haja ya kujua kama mkataba wangu utaongezwa.

MSIMAMIZI: Hilo hata mimi nataka kulijua. Mpaka ulijue, andika kwenye karatasi hiyo: mhasibu ametarajia oda za 20,000, msimamizi ametarajia za 300. Weka majina yetu na tarehe. Ibandikwe karibu na saa ya kuingilia, kwa Kinyarwanda, kila mtu aisome.

MHASIBU: Na mwenye kiwanda?

MSIMAMIZI: Naye aandike ya kwake.